Wamama Tulienda Kuona Studios Kabako

Siku ya posho tulipanda toleka, kila mtu na kitenge chake kizuri, tukaenda Studios Kabako. Tunaishi Kisangani miaka mingi, lakini wengi wetu tulilisikia jina tu. Tulidhani ni mahali pa wageni.

Kumbe mwanzilishi ni mtoto wa kwetu. Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakulia humu mjini. Alianzisha Studios Kabako kule Kinshasa mwaka 2001 na kuipa jina la rafiki yake aliyekufa kwa ugonjwa wa tauni. Ngoma zake zilikuwa zinaitwa Ulaya, angeweza kubaki huko. Lakini mwaka 2006 aliileta kazi yake hapa, katika mji uliopigwa mabomu siku sita za Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigana juu ya vichwa vyetu. Mama gani hapa amesahau kulala chini ya kitanda na watoto?

Mama mmoja aliuliza wazi: dansi inalisha nani? Vijana walijibu kwamba kuna wanaoishi kwa kazi hiyo, wengine wakicheza, wengine wakishika kamera au vyombo vya sauti. Na kazi haikuishia kwenye ngoma. Ng'ambo ya mto, Lubunga, walishughulikia pamoja na wakaaji jambo la maji ya kunywa, na mwaka 2014 kazi hiyo ilipata zawadi ya Curry Stone ya Marekani. Sisi tunaobeba bidoni kichwani, hilo lilitugusa kuliko ngoma zote.

Halafu tulikaa kuangalia mazoezi. Hakuna nguo za kung'aa wala kutikisa kiuno kama kwenye video za televisheni. Msichana mmoja alirudia kuanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, mpaka jasho likamwagika chini. Tulinyamaza wote, hata wale wanaopenda kusema!

Kati yetu kuna mama ambaye binti yake wa miaka 16 anaomba kujiunga. Mama alikataa mwaka mzima kwa kuogopa maneno ya majirani. Siku ile hakusema ndiyo. Aliuliza mazoezi yanaisha saa ngapi, masomo yatakuwaje, na nani anarudisha wasichana nyumbani giza likiingia. Alijibiwa moja moja, akaomba kurudi wiki ijayo pamoja na binti yake.