Balozi Aliyekausha Majani

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mnaikumbuka siku ile ya muhula uliopita ambapo kengele ya chakula cha mchana ilichelewa dakika 25, ubwabwa ukapoa, na ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza wakaanza kugonga sahani. Mwenye zamu ya kengele nilikuwa mimi. Sikuwa nimelala, kama ilivyosemwa bwenini. Nilikuwa nyuma ya maktaba nikipanga majani ya miti baina ya kurasa za magazeti ili yakauke, na nilipoinua kichwa jua lilikuwa limekwisha pita utosini.

Nilipewa adhabu ya kufyeka, nikafyeka. Lakini habari zilimfikia baba, naye akaniandikia barua fupi: kazi uliyokabidhiwa kwanza, majani baadaye, na katika fomu ya kuchagua tahasusi nijaze masomo ya biashara, nipate kazi ya ofisini. Barua hiyo ningali nayo mfukoni Mwalimu wetu wa Biolojia aliponipa maandishi juu ya John Kirk nikayasome. "Huyu naye alikuwa mtu wa ofisi," akasema, akaenda zake.

Kirk alikuwa Mskoti, daktari, aliyezaliwa mwaka 1832. Alifuatana na Dakta Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na mwaka 1866 akaja Unguja kuwa mganga wa ubalozi wa Uingereza. Akapanda cheo, na mwaka 1873 akawa Balozi Mkuu. Kazi yake ilikuwa kuonana na Sultani, kukata mashauri ya raia wa Kiingereza waliokaa Unguja, ambao wengi walikuwa wafanya biashara wa Kihindi, na kuandika taarifa kwa wakubwa wake, taarifa zisizokwisha. Na mtu huyo huyo alikuwa akimwandikia Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya mimea ya Kew karibu na London, akimpelekea mimea iliyokaushwa pamoja na maelezo yake. Mpaka mwaka 1872 hapakuwa na meli ya posta ya kila mwezi kufika Unguja, na waya wa simu ulifika mwaka 1879. Basi aliyeuliza habari za ua moja alingoja miezi kupata jibu. Mimi nikingoja barua ya nyumbani wiki mbili naona nimesahauliwa.

Lililonifurahisha kuliko yote ni habari ya sandarusi. Babu yangu ni mtu wa Rufiji, naye hutusimulia jinsi wazee wake walivyoichimba ardhini na kuiuza kwa wenye maduka, ikasafirishwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajakubaliana inatoka mti gani. Kirk alitazama vipande vilivyochimbwa, akaona ndani yake majani na maua yaliyonaswa zamani, akayalinganisha na msandarusi ulio hai pwani, akaona ni mti ule ule. Akaeleza kwamba iko ya aina tatu: inayobanduliwa kwenye shina la mti, ile changa inayochimbwa chini ya miti iliyopo, ambayo watu wetu waliiita chakazi, na ile iliyokomaa, ngozi yake vipele vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, inayochimbwa hata mahali ambapo miti imetoweka. Maelezo hayo yalichapishwa katika jarida la Linnean Society ya London. Neno chakazi wafanya biashara wa Kizungu walishindwa kulitamka, wakaligeuza likawa neno la kwao lenye maana ya punda dume! Nilicheka peke yangu maktaba nzima ikanigeukia.

Lakini babu angeuliza, je, hao waliochimba na kumwonyesha, majina yao yako wapi? Mtambaa wa mpira, jamaa ya mbungo, umepewa jina la Kirk katika sayansi. Kima punju wa Unguja naye amepewa jina hilo hilo tangu mwaka 1868.

Sasa nifike panaponiuma. Mwaka 1870 Kirk alikuwa akikaimu ubalozi. Mwezi wa Novemba msafara wa mizigo ya Livingstone, aliyekuwa bara, ulivushwa kwenda Bagamoyo, ukakaa huko miezi mitatu hivi bila kuondoka. Februari 1871 Kirk alivuka kwenda Bagamoyo, na ndipo msafara ukang'oa nanga. Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa hapo akitayarisha safari yake mwenyewe, aliandika kwamba Kirk alikuja kuwinda wanyama. Kirk alisema alikuja kuhimiza msafara. Kweli, kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi siku zile na wapagazi walikuwa adimu, na baadaye alichunguzwa akaondolewa lawama. Hata hivyo mimi, niliyepozesha ubwabwa wa shule nzima, naona miezi mitatu ni mingi mno.

Ila mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akizungumza na Sayyid Barghash mwaka 1873, huku serikali yake ikitishia kuizingira Unguja kwa manowari, mpaka tarehe 5 Juni mkataba ukatiwa sahihi, biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku na soko la watumwa likafungwa. Siku kama hizo sidhani kama aligusa jani. Wala sisahau kwamba serikali aliyoitumikia ndiyo iliyoiweka Unguja chini ya himaya yake mwaka 1890, yeye akiwa amekwisha kwenda zake.

Fomu ya tahasusi inatakiwa Ijumaa. Chaguo la kwanza nimejaza Kemia, Biolojia na Jiografia, na la pili masomo ya biashara. Jana usiku nilimwandikia baba. Ukurasa wa kwanza nimemweleza kwamba muhula huu kengele haijachelewa hata mara moja, na kwamba viatu vimetoboka. Ukurasa wa pili nimemwomba, akipita kwa babu, aniletee tawi la msandarusi lenye maua, alilaze ndani ya gazeti, na asilikunje.