Mayai Yasiyo na Baba

Mwaka 1961 mtu mmoja alimkabidhi chatu wake kwa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani. Alikuwa chatu wa Afrika Magharibi, yule mfupi mnene anayejikunja na kuficha kichwa akishtuka. Watunzaji wakaja, wakastaafu, yeye akabaki.

Mwaka 1990 akataga. Maelezo yalikuwepo: enzi hizo, vizimba vilipokuwa vikisafishwa, nyoka walitiwa pamoja ndooni, na huenda alikutana na dume humo.

Kwani uzazi wa chatu una utaratibu wake. Wafugaji hupunguza joto la usiku kwa wiki kadhaa, kisha humwingiza dume. Jike mayai yakikomaa tumboni huvimba katikati ya mwili, hujivua gamba, na yapata mwezi mmoja baadaye hutaga. Huyazingira mayai kwa mwili wake karibu miezi miwili, mara nyingi bila kula. Mayai ya jike asiye na dume yalihesabiwa kuwa viza tu, ya kutupwa.

Waliogeuza mawazo hayo ni chatu wengine. Katika bustani ya Artis, Amsterdam, jike wa chatu wa Burma aliyetengwa na madume alitaga mwaka baada ya mwaka, na baadhi ya mayai yalikuwa na vijusi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijusi vilivyopimwa vilikuwa majike, nakala za mama yao. Huko Louisville, Thelma, chatu mkubwa wa Asia ambaye hakuwahi kukaa na dume, alitaga mayai 61 mwaka 2012. Yakatoka majike sita, na mwaka 2014 vipimo vikathibitisha kuwa hawakuwa na baba.

Bibi wa Saint Louis alitaga tena mwaka 2009, lakini mayai hayo hayakufika popote. Tarehe 23 Julai 2020 akataga mengine saba, akiwa hajakaribiana na dume kwa miaka isiyopungua 15. Safari hii hakuna aliyeyaona kuwa ya kutupwa. Matatu yaliwekwa kwenye mashine ya kutotolesha, mawili yakatolewa sampuli za vinasaba, na katika mawili watoto walikuwa wamekwisha kufa. Chatu jike huweza kuhifadhi manii mwilini kwa muda mrefu, kwa hiyo ni vinasaba pekee vinavyoweza kutenganisha manii ya zamani na uzazi usio na dume.

Na umri wake ni ajabu nyingine kamili: karibu miaka 60 bustanini, ilhali chatu wa aina yake huacha kutaga mapema zaidi.