Mjamzito Anayezungumza Kiswahili Katika Kliniki za Uingereza

Katika kliniki za mama na mtoto nchini Tanzania, elimu ya ujauzito hutolewa zaidi kwa mdomo. Asubuhi, kabla ya vipimo, muuguzi husimama mbele ya mabenchi na kuwatajia wajawazito dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, mtoto kupunguza kucheza. Mmoja akiuliza, wote husikia jibu, na anayeona haya hufaidika na swali la mwenzake. Kisha hufuata mizani, presha, kipimo cha damu na mkojo, vidonge vya kuongeza damu na dawa ya SP ya kukinga malaria. Yote huandikwa kwenye kadi ambayo mama hurudi nayo nyumbani. Yaliyobaki humaliziwa na mama mzazi, shangazi au jirani, ingawa si kila wanalosema ni sahihi.

Uingereza hakuna benchi hilo. Mama hukaa chumbani na mkunga, wawili tu. Mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, hupanga miadi 10 kwa mimba ya kwanza na 7 kwa aliyekwisha kuzaa, ya kwanza ikiwa kabla ya wiki ya 10 kwisha. Maelezo mengi huja kwa maandishi, kwenye vijitabu au programu ya simu, na kwa kawaida ni ya Kiingereza. Kuyatafsiri kunasaidia, lakini hakumfikishii kitu mama asiyesoma, wala yule aliyezoea kujifunza kwa kusikiliza na kuuliza.

Ugumu mwingine ni uamuzi. Tanzania mama huambiwa apime, naye hupima. Uingereza huulizwa kama anataka: kipimo cha kukadiria uwezekano wa mtoto kuwa na tatizo la Down, kwa mfano, ni hiari yake kukubali au kukataa. Katika kesi ya Montgomery ya mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari zenye uzito kwake, pamoja na njia mbadala. Haki hiyo ni kubwa, lakini haina maana kwa mama anayeitikia "yes" kwa heshima tu bila kuelewa alichokubali.

Hapo ndipo mume au mtoto mkubwa hugeuzwa mkalimani, na hili ni kosa hata pale nia inapokuwa njema. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2010 kuhusu wajawazito wenye mazingira magumu, wahamiaji wapya wakiwemo, unataka mkalimani asiwe mtu wa familia. Mkunga anatakiwa kumuuliza mama, bila mwenzi wake kuwepo, kama anapigwa au kutishwa nyumbani. Atajibu nini ikiwa swali linapita mdomoni mwa mume? Na binti wa miaka 12 hapaswi kumtafsiria mama yake habari za mimba iliyoharibika.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu. Tanzania, uchungu ukianza, mama hubeba kadi na mfuko wake wa vifaa, akaenda hospitali moja kwa moja. Uingereza hutakiwa apige simu kwanza wodi ya wazazi aeleze hali yake, na mkunga ndiye humshauri aje au asubiri. Kwa simu hakuna kuonyesha kwa mkono pale panapouma. Mkalimani aliyewekwa kwa miadi ya mchana hayupo saa nane usiku, na mama asiyejua kwamba anaweza kuombewa mwingine kwa simu hukaa akisubiri kuche. Kwa kifafa cha mimba au mtoto aliyeacha kucheza, saa hizo ni nyingi mno.

Kwa hiyo mjamzito aombe mkalimani tangu simu ya kwanza, na ombi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu zake. Ataje pia anakotoka, kwa kuwa Kiswahili cha Kivu, nchini Kongo, kimejaa Kifaransa cha hospitali ambacho mkalimani wa Dar es Salaam huenda asikielewe. Na ajifunze kwa Kiingereza sentensi tatu: nina mimba, natokwa na damu, nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Mgonjwa wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, halipii mkalimani.