Si Kila Kijani ni Msitu

Wasee, serikali imesema kufikia 2032 tuwe tumepanda miti bilioni 15. Poa sana. Swali langu ni moja tu: miti gani?

Nauliza kwa sababu kwetu ni Marigat, Baringo, na huko kuna mti unaitwa mathenge. Uliletwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni. Mgeni akageuka mwenye boma. Ulimeza malisho, ukafunga njia za mifugo, na maganda yake yenye sukari yakaozesha mbuzi meno. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa kortini kama ushahidi. Hiyo si stori ya kijiweni, ilitokea.

Sasa tazama huko kwetu kwa picha ya setilaiti. Utaona kijani tele. Mtu ambaye hajawahi kufika anaweza kupiga makofi, akidhani msitu umerudi.

Hapo ndipo kompyuta inasaidia. Setilaiti za Ulaya zinaitwa Sentinel-2, hupita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake ni za bure. Nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10, kwa hivyo usitarajie kuona tawi. Lakini zinanasa hata mwanga ambao macho yetu hayaoni, na miti tofauti huurudisha mwanga huo kwa njia tofauti. Halafu kuna ujanja wa msimu. Kiangazi kikikaza, miti mingi ya kienyeji hupukutisha majani. Mathenge una mizizi inayofuata maji chini kabisa, kwa hivyo unabaki kijani. Picha za kiangazi zinauanika peupe.

Watafiti walitumia picha za setilaiti za Landsat kuchora ramani ya mathenge Baringo. Mwaka 1988 ulikuwa umeshika hekta 882. Kufikia 2016, hekta 18,792. Hebu soma tena hizo namba.

Lakini mazee, kompyuta yenyewe haijui mathenge ni nini. Lazima kwanza mtu aende mashinani, asimame kando ya mti, aseme "huu ni mathenge, ule ni mgunga," na arekodi mahali ulipo. Afanye hivyo mara mamia. Kompyuta inajifunza kutokana na mifano hiyo. Ukiipa majina ya uongo, itakuchorea ramani ya uongo, tena kwa rangi nzuri.

Na nani anajua hayo majina? Shangazi yangu hajawahi kushika kompyuta, lakini anaweza kukwambia kuni ni za mti gani kwa kunusa moshi tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na watu huniuliza mambo ya setilaiti nimeyatoa wapi. Picha ni za bure, mafunzo yako mtandaoni, na mwalimu wa miti yuko jikoni kwa shangazi.

Watu kama yeye ndio wanafaa kuitwa wa kwanza mradi wa miti ukija, na walipwe kama wataalamu wengine.

Siku ukiambiwa kaunti yenu imekuwa kijani, usishangilie bado. Uliza jina la mti.