Vyombo vya Wazee Wetu: Ziara ya Familia Kutoka Machakos



Likizo ya shule inapokaribia, swali moja huzunguka katika nyumba zetu: watoto tuwapeleke wapi? Sisi tunaoishi Machakos hatukosi jibu jepesi. Tuna vilima vya Iveti, tuna bustani ya People's Park, na Nairobi haiko mbali. Lakini mtoto wa Kiislamu anayekulia bara, ambaye maji makubwa aliyopata kuyaona ni ya bwawa la Maruba, husomeshwa chuoni kwamba dini yake ilifika katika nchi hii kwa njia ya bahari, naye hana picha yoyote ya bahari hiyo wala ya chombo kilichoivuka. Kwake yeye jahazi ni neno la kitabuni. Kwa sababu hiyo tuliazimia likizo ya Agosti tuitumie kuwaonyesha watoto wetu vyombo vya wazee wao, katika makumbusho ya Mombasa na ya Lamu. Haya tunayaandika kwa ajili ya wazazi wenzetu, na hasa kina mama, ambao ndio wapangaji wa kweli wa safari za nyumba.

Huenda msomaji wa pwani akauliza: Machakos na bahari, wapi na wapi? Jibu ni kwamba mji huu na bahari ni jamaa wa siku nyingi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi nyuma ya Mombasa, kabla misafara ya Waswahili na Waarabu haijaanza kupanda bara kwa wingi. Baadaye njia ikageuka, wakawa watu wa pwani ndio wanaopanda. Mwaka 1889 kampuni ya Imperial British East Africa iliweka kituo chake hapa, kwa mzee Masaku ambaye jina lake ndilo asili ya jina la mji, na misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ikawa inapumzika hapa na kununua chakula. Miongoni mwa wapagazi, askari na wafanyabiashara wa Kiswahili, wako waliobaki, wakaoa, wakajenga msikiti. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 bila ya kupita Machakos, misafara ilikwisha, lakini watu hawakwisha. Uislamu wa mji huu, kwa hiyo, ulipanda kutoka bandarini kwa miguu.

Katika safari hii tulifuatana na bibi wa watoto, mzaa mama, Mkamba wa Mwala, ambaye watoto humwita Susu. Yeye ana dini yake nasi tuna yetu, lakini haki ya ujamaa haikatwi na tofauti hiyo, na dini yetu imetuamrisha kuiunga. Alikuwa hajaiona bahari katika umri wake wote.

Tulitoka mjini alfajiri kwa gari, tukapita makutano ya Kyumbi, tukaipata treni katika kituo cha Athi River. Ni treni ile ya mchana isimamayo katika vituo vya kati, Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa familia, kwani watoto huiona nchi ikibadilika polepole, kutoka nyanda za Kapiti hadi udongo mwekundu wa Tsavo. Kwa upande wa sala hakuna uzito. Safari hii yavuka kwa mbali masafa ya kupunguza sala, na treni hufika Miritini wakati wa Adhuhuri ungali na nafasi, basi tuliteremka tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili. Watoto waliokuwa wameisoma sala ya msafiri darasani waliisali kwa mara ya kwanza wakiwa wasafiri kweli.

Kesho yake tulikwenda Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Muitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Baadaye ilikuwa gereza, kuanzia 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa ndani yake mwaka 1960. Tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watoto wadogo walikimbilia kwanza mifupa ya nyangumi iliyowekwa uani, wakaanza kusimuliana kisa cha Nabii Yunus (a.s.). Tuliwaacha. Mtoto aliyehifadhi kisa kwa sikio, siku akikiona kwa jicho, hapaswi kuharakishwa.

Kilichotushughulisha sisi wakubwa ni mabaki ya meli Santo António de Tanná. Ngome hii ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miaka karibu mitatu. Mwaka 1697 meli hiyo ya Kireno ilikuja kuwaauni waliozingirwa, nayo ikazama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280, mpaka wapiga mbizi wa elimu ya mambo ya kale walipoichimbua kati ya 1977 na 1980. Kauri, mitungi na vitu vingine vilivyotolewa humo vimo katika makumbusho, na mbele yake mtoto huelewa jambo ambalo maneno matupu hayamwelewishi: kwamba vita hivyo vilikuwa vya watu waliokula kwa sahani na kunywa kwa vikombe, kama sisi.

Hapo pana somo jingine la kuwapa vijana. Wengi hudhani kwamba Waislamu wote walikuwa nje ya ngome na Wareno peke yao ndani. Sivyo. Ndani walikuwamo Waswahili, miongoni mwao watu wa Faza, waliopigana upande wa Wareno kwa uhasama wa miji yao na mingine ya pwani. Historia ya wazee wetu si hadithi ya malaika na mashetani. Ni ya wanadamu, nayo hufundisha zaidi ikielezwa hivyo.

Tulipokuwa tumesimama ukutani, tukiitazama Bandari ya Kale, tuliwaeleza watoto habari za pepo: kwamba kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Tukawatajia shehena: tende, mazulia na nguo zikija, boriti za mikoko, nafaka na pembe za ndovu zikienda. Susu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na watu? Kwetu wazee walisema kuna watu walishuka pwani na hawakurudi. Hao nao walipanda meli hizi?"

Ndugu wasomaji, swali hilo ndilo moyo wa makala hii. Ni rahisi kwa mzazi wa Kiislamu kuwapitisha watoto katika makumbusho ya bahari akiwaonyesha fahari tupu: wanazuoni waliokuja kwa bahari, misahafu, milango ya nakshi, biashara ya halali. Hayo yote ni kweli. Lakini vyombo hivyo hivyo, katika karne ya 19, vilibeba pia wanadamu waliofungwa, waliotekwa bara au kuuzwa wakati wa njaa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na katika pwani ya Kenya utumwa haukuondolewa kisheria ila mwaka 1907. Tukinyamaza, mtoto wetu atayasikia hayo shuleni kwa mtu mwingine, tena yakihesabiwa kuwa ndiyo dini yake.

Tulimjibu Susu mbele ya watoto: naam, walipanda meli hizi. Siku iliyofuata, tulipokuwa tukielekea Malindi, tulimwomba dereva asimame Kengeleni. Hapo ipo kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana mwaka 1875. Kengele hiyo iligongwa kuwaonya watu wakati vyombo vya wauza watumwa vilipokaribia. Susu aliitazama kwa muda, magari yakipita pande zote. Tuliwaeleza watoto kwamba katika Hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Bukhari, mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake ni mmoja kati ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Waliofanya hivyo, hata wakiwa na majina kama yetu, waliifanya dhambi ambayo Mtume (s.a.w.) alikwisha ionya. Kusema hivyo hakuuvunji Uislamu, bali huutenga na matendo ya waliouasi.

Safari ya Lamu ni ndefu: Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, kisha mashua hadi mjini. Makumbusho ya Lamu yako ufukoni, katika nyumba ya ghorofa iliyowahi kukaliwa na maofisa wa serikali ya Kiingereza. Humo imo siwa ya pembe ya ndovu kutoka Pate, iliyokuwa ikipulizwa katika mambo makubwa ya utawala na arusi za wenye cheo. Mtoto wa Machakos akiitazama siwa, tumkumbushe kwamba biashara ya pembe iliyoutajirisha ukanda huu ilitegemea migongo ya watu wa bara, na kwamba fahari ya pwani haikujengwa na pwani peke yake.

Lakini chombo tulichokikusudia ni mtepe. Huo ni uzao wa kale wa vyombo vyetu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila ya msumari, na tanga lake ni mkeka wa miyaa. Mitepe ya mwisho ilitoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na sasa yaonekana mifano tu. Katika Suratul Qamar safina ya Nabii Nuhu (a.s.) imetajwa kwa mbao zake na kwa neno la Kiarabu dusur. Wafasiri wengi wamesema maana yake ni misumari, na wako wanalugha waliosema kuwa neno hilo hutumika pia kwa kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao za chombo. Kwa miaka mingi tumewasomesha wanafunzi kauli hizo mbili, na mbele ya mtepe ile ya pili haihitaji maelezo.

Susu hajui Kiarabu, lakini amesuka viondo tangu utotoni. Aliinama, akazifuatisha kwa kidole, bila ya kuzigusa, kamba zilivyopita kutoka tundu hadi tundu. "Hii ni kazi ya kushona," akasema. "Nikipewa uzi naiendeleza." Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akiona kwamba habari za vyombo ni za wanaume, alisogea karibu akaanza kuhesabu matundu.

Kwa familia zitakazopenda kufuata njia hii, tuna nasaha chache. Ingieni Ngomeni asubuhi mapema, kabla ya jua kuwa kali, kwani sehemu kubwa ni uwanja wazi. Chukueni maji na kofia za watoto. Kitambulisho kisisahaulike, maana kiingilio cha mwananchi ni tofauti na cha mgeni. Misikiti ya Mji wa Kale iko karibu, ila kina mama waulizie mapema ni upi wenye nafasi yao. Msijaribu kuona kila kitu: chagueni vitu vitatu, mviseme vizuri. Na mkiweza, mchukueni mzee mmoja pamoja nanyi. Mzee huuliza maswali ambayo kibao cha maelezo hakiyajibu.

Wala msiahirishe sana. Zanzibar ulikuwapo mtepe uliojengwa upya, ukiwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka na watu wakafa. Vitu vya kale ni amana, na amana huwa na muda wake.

Tunalotaka lishike katika nyoyo za wazazi ni moja. Bahari ni ya Mwenyezi Mungu, na Qur'ani katika Suratu Ibrahim imezihesabu jahazi kuwa miongoni mwa neema alizotutumishia. Chombo, basi, hakina lawama. Kitakachoulizwa ni shehena: ni nini tulichokipakia, na kwa idhini ya nani. Mtoto akirudi Machakos na swali hilo, atajua la kumjibu mwenziwe wa darasani mwenye jina la Kikamba, ambaye huenda babu yake alishuka njia ile ile akiwa na pembe begani, au akiwa na mnyororo.

Ewe Mola wetu, turuzuku kuyaeleza ya wazee wetu kwa uadilifu, uwasamehe waliokosa, uwarehemu waliodhulumiwa, na uwajaalie watoto wetu wapakiaji wa kheri. Amin.