Jiwe Likishuka, Maji Yamepanda

Kiangazi kikikaza kijijini kwetu, kwenye tambarare za Dodoma, mama alikuwa akiamka usiku wa manane kwenda kusubiri maji. Korongo lilibaki mchanga mtupu. Wanawake walichimba shimo, wakakaa pembeni na kata mkononi, wakingoja maji yachuruzike.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumbani. Kwetu tulipata kisima kirefu na mashine ya dizeli, iliyosukuma maji moja kwa moja bombani. Mashine ikinguruma, tunakimbia na ndoo. Ikizimwa, koki inakohoa hewa. Tukawa tunasubiri mlio.

Nilikuwa darasa la tano mafundi walipokuja kusimamisha mnara wa mita 10, tangi likae juu yake. Nikamwuliza fundi mmoja kwa nini wasiliweke chini. Akachukua dumu la maji, akachomeka mpira, akanishikisha ncha yake. Dumu lilipokuwa chini, maji yalidondoka tu. Alipopanda nalo ngazi, yakaniruka usoni.

"Uzito wa maji yenyewe ndio unaosukuma, mwanangu. Wenzenu wa Kilimanjaro wana mteremko, tangi lao linakaa mlimani. Ninyi hamna mlima, ndiyo maana tunawajengea."

Lita moja ya maji ina kilo moja. Tangi la lita 50,000 likijaa ni tani 50, kwa hiyo miguu ya mnara ilishindiliwa nondo nene. Uzito huo ulitupa kile ambacho mashine peke yake haikuweza. Kisima hutoa maji taratibu kutwa nzima, lakini kijiji huchota kwa pamoja alfajiri na jioni. Saa ambazo hakuna mwenye ndoo, tangi lilikuwa likituwekea akiba. Hata dizeli ilipokatika, koki hazikukauka siku hiyo hiyo.

Ubavuni mwa tangi lilining'inia jiwe. Kamba yake ilipita juu ya kapi hadi kwenye boya lililoelea ndani. Boya likipanda, jiwe linashuka. Wageni walilisoma kinyume. Mama, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alilisoma akiwa mlangoni kwake: likiwa juu, alitutuma na ndoo zote, likiwa chini, alituacha tulale.

Siku hizi mashine ya dizeli imenyamaza. Pampu inaendeshwa na sola, inajaza tangi jua likiwaka, na usiku maji yanashuka yenyewe.

Mwezi uliopita nililala kwa mama. Usiku wa manane nikamsikia akifungua mlango, nikatoka kumfuata. Alikuwa amesimama uani, anatazama mnara kwenye mbalamwezi. Jiwe lilikuwa chini kabisa. Akafunga mlango, akarudi kulala.