Ziwa Ukutani

Tulipoamua kupamba ukuta wa chumba cha Shule ya Jumapili huku Muleba, hatukubishana juu ya migomba. Tulibishana juu ya ziwa. Mwenzetu mmoja, mjane, alisema waziwazi, "Mkichora ziwa, mimi humo siingii." Mume wake alipanda MV Bukoba, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ile ilizama karibu na Mwanza. Tulinyamaza. Lakini watoto walikuwa wameomba ziwa, tukaendelea kwa woga.

Ziwa letu la kwanza lilikuwa aibu. Tulipaka buluu kwa rola, likalala pale kama turubai. Mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Bukoba akatuuliza, "Mama zenu walisiriba nyumba kwa kutumia nini?" Vidole, tukajibu. Akatukumbusha jinsi alama zile zilivyoonekana jua likipiga ukuta kutoka ubavuni: kituta kinang'aa, kifereji kinabaki na kivuli. Jirani zetu wa Rwanda, upande wa Rusumo, wana sanaa nzima ya matuta hayo, imigongo, inayofinyangwa kwa samadi na majivu.

Basi tukatia mchanga laini kwenye rangi ya maji, tukaipaka nzito. Migomba tuliianzia kwenye uti wa jani, brashi ikifuata mishipa hadi ukingoni. Jani lenye jua nyuma yake tulilitia manjano, kwa kuwa mwanga hulipenya. (Marehemu Sam Ntiro wa Kilimanjaro aliwahi kuchora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, jumba la sanaa la New York liliinunua picha hiyo mwaka 1960. Sisi pombe hatukuichora!)

Maji yalitushinda. Nyeupe tupu ilionekana kama chokaa iliyomwagika.

Jumamosi ya tatu mjane wetu alisimama mlangoni, akatazama kwa muda mrefu.

"Siyo hivyo," alisema. "Mwaka ule nilikaa ufukweni Bukoba siku tatu. Jua linatokea upande wa Musira. Mwanga hauji mzima. Unakatikakatika."

Tukampa brashi. Akachovya nyeupe yenye manjano kidogo, akagusa ukuta kwa vipande vifupi vya kulala: karibu nasi vinene vilivyoachana, mbali vyembamba vilivyobanana. Kati yake aliiacha buluu ya giza ilivyo. Hakuna aliyesema neno.

Alipomaliza aliturudishia brashi. "Ioshweni," alisema, "isije ikakaukia."